Ngazi, Kitanda na Kalamu: Filamu ya Victoria Kijana

Msichana wa miaka kumi na saba, mrithi wa kiti cha Uingereza, haruhusiwi kushuka ngazi za nyumba yao bila mtu mzima kumshika mkono. Miguu yake ni mizima na ngazi si mbovu. Ila anayemshika mkono leo ndiye anayetaka kumshika mkono kesho, siku kalamu itakapokuwa mezani na karatasi ya dola ikingoja sahihi. Mtazamaji wa Lubumbashi ataielewa amri hiyo kabla hata ya kujua nani ni nani, maana nyumba ambamo mtoto mwenye haki analindwa mpaka anakosa pumzi zipo pia Kamalondo na Katuba.

Filamu yenyewe ni *The Young Victoria* ya mwaka 2009. Kwa Kifaransa inaitwa *Victoria : Les Jeunes Années d'une reine*, na atakayeitafuta mjini aiulize kwa jina hilo. Aliyeiongoza ni Jean-Marc Vallée, Mkanada wa Québec aliyefariki mwaka 2021. Aliyeiandika ni Julian Fellowes. Victoria anachezwa na Emily Blunt. Inachukua kama saa moja na dakika arobaini na tano. Tunaipendekeza bila kusita kwa yeyote anayetaka kuona kwa macho namna mtu anavyotoka kuwa mtoto wa kushikwa mkono hadi kuwa mwenye kutoa amri. Saa ya kwanza ni kazi ya watu wanaojua. Baada ya hapo inaanza kuacha mambo, na karibu na mwisho inabadili tukio moja la historia kwa namna inayogusa kiini cha habari nzima.

Kinachowaangusha watazamaji wengi ni ukoo. Filamu inaueleza mbiombio, na aliyechelewa dakika tano za mwanzo atahangaika mpaka katikati. Basi ujue hivi kabla ya kuwasha televisheni. Mfalme George III alikuwa na watoto wengi wa kiume, lakini tumaini la kizazi kilichofuata lilikuwa kwa mjukuu mmoja, Charlotte, aliyefariki mwaka 1817 baada ya kujifungua mtoto mfu. Ghafla baba zake wadogo, wengi wao hawana watoto halali, wakaanza kukimbilia ndoa. Mmoja wao, Edward, Duki wa Kent, alimwoa mwaka 1818 mjane Mjerumani wa ukoo wa Saxe-Coburg. Victoria alizaliwa tarehe 24 Mei 1819. Baba akafa mtoto akiwa na miezi minane. Kiti kikafika kwa baba yake mkubwa, William IV, ambaye naye hakuwa na mtoto halali aliyeishi. Hakuna mwingine kati ya William na msichana huyu.

Sasa sheria. Mwaka 1830 Bunge liliamua kwamba mfalme akifa kabla Victoria hajatimiza miaka 18, mama yake atakaimu. Na mama yake alikuwa mikononi mwa John Conroy, msimamizi wa nyumba yake. Hesabu ya Conroy ni nyepesi: anayemshika mama anashika nchi, mradi mfalme afe mapema. Mfalme akichelewa kufa, basi binti afungwe mapema kwa karatasi: akubali kumfanya Conroy katibu wake, au akubali mwenyewe kwamba bado hajakomaa. Ukishaelewa hesabu hiyo, kila tendo la Mark Strong, anayemcheza Conroy, linakuwa na maana, hata anaposimama tu karibu na mlango.

Yupo na mtu wa tatu, na kwetu Kongo huyu si wa kupita. Ni Leopold, mfalme wa kwanza wa Wabelgiji, kaka wa mama yake Victoria. Ndiye aliyekuwa mume wa yule Charlotte. Kaburi lilimnyang'anya nafasi ya kukaa ubavuni mwa kiti cha Uingereza, akapata kiti cha Ubelgiji mwaka 1831, na sasa anaitafuta tena njia ya London kwa kumtuma Albert, mtoto wa kaka yake. Thomas Kretschmann anamcheza kwa utulivu wa mtu anayepanga ndoa kama anayepanga mipaka. Sisi ambao kwa miaka tumewaita Wabelgiji *banoko*, wajomba, tunakutana hapa na mjomba halisi, anayemwandikia barua mtoto wa dada yake na kumfundisha kutawala. Filamu inapoanza, mjomba huyu ana mtoto mdogo wa kiume nyumbani Brussels. Mtoto huyo ndiye atakayekuwa Leopold II, mwenye État Indépendant du Congo tangu 1885, ambaye kwa jina lake msafara ulifika Bunkeya Desemba 1891 na Msiri, mfalme wa Wayeke, akapigwa risasi. Hayo hayamo katika filamu wala si wajibu wake. Lakini ukiitazamia Lubumbashi, mji uliozaliwa ukiitwa Élisabethville kwa jina la malkia aliyeolewa katika ukoo huohuo, huwezi kumwona Kretschmann akitabasamu bila kuyakumbuka.

Turudi kwenye ngazi. Utaratibu ambao Conroy na mama walimwekea Victoria ulikuwa mrefu: asilale chumba chake mwenyewe bali chumbani kwa mama, asikutane na mtu pasipo shahidi, asiwe peke yake hata saa moja, asishuke ngazi bila mkono. Filamu haihubiri juu ya hayo. Inaonyesha mkono ukinyooshwa, msichana akiushika bila kuutazama, na basi. Mtu anaweza kudhani ni adabu za wakubwa. Polepole inaonekana ni mnyororo. Blunt anafanya jambo zuri hapa: mabega yanabaki ya mtoto mtiifu, macho hayapo kabisa na yule anayemshika. Victoria halisi alikuwa mfupi, karibu mita moja na nusu, na Blunt ni mrefu kuliko hapo kwa mbali. Urefu huo ungeweza kuharibu kila kitu, kwani udogo wa mwili ulikuwa sehemu ya habari. Ameufidia kwa kukaa. Tazama anavyokaa kwenye viti vikubwa sehemu ya kwanza, na anavyokaa baada ya kutawazwa.

Tukio la kalamu lina chanzo cha kweli. Oktoba 1835, huko Ramsgate pwani, Victoria aliugua sana, na Conroy akamjia na karatasi ya kumteua kuwa katibu wake. Msichana wa miaka kumi na sita, mwenye homa, mama yake yupo na hamtetei. Akakataa kutia sahihi. Filamu inaongeza mikono na vurugu, na tunaikubalia. Kamera inapaswa kuonyesha kwa sekunde kile ambacho nyumbani kilichukua majuma. Kilicho muhimu kimebaki: mtu mzima ana nguvu zote isipokuwa moja, hawezi kuiandika sahihi ya mwingine.

Halafu karamu ya Windsor, Agosti 1836, sikukuu ya kuzaliwa kwa mfalme. Mzee William anasimama mbele ya wageni na kumtukana waziwazi mama wa mrithi aliyeketi pale pale, akimwomba Mungu ampe miezi tisa zaidi ya kuishi ili mama huyo asipate kukaimu. Ni tukio la kweli, na Jim Broadbent analicheza kwa ghadhabu ya mgonjwa ambaye hana tena sababu ya kuogopa. Wazee wakitukanana kwenye meza ya sherehe, vijana hutazama sahani. Vallée anajua hivyo, na kamera yake inawatafuta wasiosema. Dua ya mzee ilijibiwa kwa kipimo kidogo: alikufa tarehe 20 Juni 1837, siku 27 tu baada ya Victoria kutimiza miaka 18. Siku hizo 27 ndizo zilizomnyima Conroy nchi.

Asubuhi ya tarehe 20 ndiyo kilele cha filamu, ingawa wengi wanangoja kutawazwa. Saa kumi na mbili alfajiri, askofu mkuu wa Canterbury na mkuu wa nyumba ya mfalme wamefika kutoka Windsor. Msichana anaamshwa, anawaendea na nguo za kulalia. Katika shajara yake ya siku ile alirudia rudia kwamba aliwapokea peke yake. Karibu saa tano na nusu asubuhi akakutana na Baraza la Faragha, washauri wa kiti, wazee waliopigana na Napoléon, Wellington akiwemo, na akasoma tamko lake kwa sauti iliyowashangaza. Na siku hiyohiyo akaamuru kitanda chake kitolewe chumbani kwa mama. Waandishi wengine wangeanza na taji. Filamu hii imetambua kwamba mapinduzi ya siku ile yalikuwa ya samani: kitanda kimehama, mlango umefungwa kwa ndani, ngazi zimeshukwa bila mkono. Kisha Buckingham, Julai 1837, ambako alikuwa mfalme wa kwanza kuishi, na mama akapewa vyumba vya mbali. Kumfukuza mzazi hawezi, desturi haimruhusu mwanamke asiyeolewa kuishi bila mama. Umbali wa korido ukawa hukumu. Wanaosoma siasa wakitazame kipande hiki mara mbili.

Hapo ndipo anapoingia Lord Melbourne, waziri mkuu, na hapo filamu inaanza kuyumba. Melbourne halisi alikuwa na miaka 58 mwaka 1837. Mjane, amechoka, aliyempoteza mtoto wake, na akampenda msichana yule kama baba anayepewa nafasi ya pili. Paul Bettany alikuwa hajafika arobaini alipomcheza. Ni mchezaji mzuri, hatukatai. Lakini sura yake inamgeuza mshauri kuwa mchumba wa pili, anayeshindana na Albert, na mgogoro mkubwa wa mwaka 1839 unageuka wivu.

Tuueleze mgogoro huo, maana filamu inaupitia kwa haraka na mtazamaji anabaki kuuliza kwa nini watu wana hasira nje ya ikulu. Mei 1839 serikali ya Melbourne ilishinda kura bungeni kwa tofauti ya kura tano tu, akajiuzulu. Malkia akamwita Robert Peel wa chama pinzani. Peel hakuwa na wingi bungeni, akaomba ishara kwamba malkia anamwamini: awabadilishe baadhi ya mabibi wa chumba chake, ambao walikuwa wake na ndugu wa mawaziri wa chama cha Melbourne. Victoria akakataa hata mmoja. Peel akakataa kuunda serikali. Melbourne akarudi na kubaki mpaka 1841. Kwa maneno mengine, malkia wa miaka kumi na tisa aliizuia serikali mpya kwa sababu ya watu wanaoingia chumbani kwake. Somo ni lilelile la kitanda, safari hii likimgeukia: alijua mlango ni madaraka, akasahau kwamba sasa mlango wake ni wa nchi.

Na kura ile ya tofauti ya watano ilihusu nini? Jamaica. Watumwa wa Jamaica walipata uhuru kamili tarehe 1 Agosti 1838, na baraza la wenye mashamba kisiwani likagoma kutii sheria za London, zikiwemo za kusimamia magereza ambamo watu weusi waliteswa. Muswada ulitaka kulisimamisha baraza hilo. Filamu haitaji Jamaica hata kwa nusu sentensi. Sentensi moja ya mjumbe mlangoni ingetosha. Kwa kuiacha, mgogoro unaning'inia hewani kama ugomvi wa wanawake juu ya rafiki zao, wakati shina lake lilikuwa jasho na damu ya watu waliotolewa Afrika. Hii ni kasoro ya kwanza.

Ya pili ni nzito zaidi kwa sura ya Victoria mwenyewe. Lady Flora Hastings, bibi wa heshima wa mama yake, yumo katika filamu kama sura ya kupita tu. Katika historia, mwanzoni mwa 1839 tumbo lake lilivimba. Victoria, akimchukia kwa ukaribu wake na Conroy, aliamini ni mimba, na ya Conroy. Flora akalazimika kupimwa na madaktari, wakamkuta bikira. Alifariki tarehe 5 Julai 1839, na uchunguzi ukaonyesha ini lilikuwa limevimba. Watu walimzomea malkia hadharani. Msichana aliyekulia chini ya ulinzi na masengenyo aliposhika nguvu alimtendea mwanamke mwingine yaleyale. Bila habari hiyo, kupanda kwa Victoria kunakuwa safi mno. Makosa yote ni ya wanaume wanaomzunguka, yeye ni wa kuonewa tu, kisha wa kupendwa. Blunt ana uwezo wa kuubeba ukatili huo, inaonekana machoni mwake anapomjibu mama. Hawakumpa.

Nguo tutazisifu bila masharti. Sandy Powell alipata Oscar yake ya tatu kwa filamu hii, na kazi yake inasimulia bila maneno: uzito wa kitambaa unaongezeka kadiri madaraka yanavyoongezeka. Mafundi wa cherehani wa mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi watapenda kusimamisha picha kwenye mikono ya magauni. Miaka ya mwanzo ya 1830 mikono ilivimba begani kama mto. Kufikia 1836 na baada ya hapo uvimbe ukashuka na kubana. Na gauni la harusi ya tarehe 10 Februari 1840: hariri nyeupe iliyofumwa Spitalfields, lesi ya Honiton. Wakati ule rangi hiyo haikuwa lazima kwa bibi arusi, wafalme waliolewa wakiwa wamejaa dhahabu na fedha. Mashela yanayokodishwa mjini kila Jumamosi, yanayopita barabarani kwenye magari yenye kupiga honi, yanatoka kwenye mfano ule.

Kutawazwa kwa tarehe 28 Juni 1838 kumepigwa picha katika kanisa kuu la Lincoln likisimama badala ya Westminster. Kanisa linafaa, mawe na urefu vinashika. Ila sherehe imesafishwa. Ile halisi ilichukua kama saa tano na ilijaa makosa: askofu mkuu alimsukumia pete kwenye kidole kisicho chake mpaka ikabidi ailoweshe kwa maji baridi kuitoa, mzee Lord Rolle, mwenye miaka zaidi ya themanini, alianguka kwenye ngazi alipokwenda kutoa heshima, na malkia akainuka kumfuata ili asipande tena. Tunasikitika kwamba Lord Rolle hakupewa nafasi inayomstahili. Filamu iliyoanza na msichana asiyeruhusiwa kushuka ngazi ilipewa bure na historia tukio la malkia anayeziteremkia ngazi kumsaidia mwingine. Pia Albert wa filamu yupo London kwenye sherehe hizo na wanacheza dansi. Albert halisi hakuwepo. Alikuwa mwanafunzi Ujerumani.

Sasa namna ya kuitazama, kwani nakala zinazozunguka Lubumbashi hazilingani. Mandhari mengi yamepigwa picha kwa mwanga wa mishumaa na madirisha. Faili iliyobanwa sana inavunja giza hilo kuwa vipande vya mraba, hasa usoni, na nusu ya uchezaji wa Blunt uko usoni. Kabla ya kulipia nakala kwenye klé ya USB, fungua karamu ya Windsor utazame pembe za chumba: zikitambaa kama mchanga, iache. Picha ni pana, kwa hiyo mistari mieusi juu na chini ni sawa. Usibonyeze kitufe cha kujaza ekrani. Ama itakata watu wa pembeni, na katika filamu hii wa pembeni ndio wanaosikiliza mlangoni, ama itawarefusha wote. Kwenye televisheni mpya zima ile kazi ya kulainisha mwendo, la sivyo inafanana na tamthilia ya mchana.

Toleo lenye sauti za Kifaransa linafaa kwa watoto na kwa kundi kubwa. Mkiwa wachache, chagueni sauti za asili na maandishi ya Kifaransa chini, kwa sababu moja: mama, Leopold na Albert wana lafudhi ya Kijerumani, na Waingereza wanaonyesha kwa nyuso kwamba hao ni wageni. Hofu ya nchi kwamba Wajerumani wanaingia ikulu kwa mlango wa ndoa inasikika masikioni zaidi kuliko inavyoelezwa. Kwa maonyesho ya shule au parokia, spika ndogo za projekta hazitoshi. Watu wananong'ona sana humu, na muziki wa Ilan Eshkeri unawafunika. Unganisheni spika ya nje, punguzeni besi. Umeme ukikatika na mkaingia kwenye jenereta, iwekeni nyuma ya ukuta, si dirishani. Na mchoreni ukoo ubaoni kabla ya kuanza: George III juu, William na Edward chini yake, Victoria chini ya Edward, upande wa pili Saxe-Coburg, mama na Leopold na baba yake Albert katika mstari mmoja. Dakika tano za chaki zinaokoa maswali arobaini.

Inabaki kasoro ya tatu, ile ya karibu na mwisho. Victoria na Albert wamegombana vikali juu ya nani anaamua. Victoria ndiye aliyemposa Albert, tarehe 15 Oktoba 1839, kwa kuwa hakuna awezaye kumposa malkia. Na baada ya ndoa akaendelea kumweka Albert nje ya kazi ya dola. Kisha wako kwenye gari la farasi, kijana anafyatua bastola, Albert anajitupa mbele yake na risasi inamjeruhi mkono. Kitandani wanapatana, na kuanzia hapo wanatawala pamoja.

Kijana huyo alikuwepo: Edward Oxford, miaka 18, tarehe 10 Juni 1840, karibu na Buckingham. Alifyatua mara mbili. Hakuna aliyeguswa. Albert hakuwa na jeraha lolote. Filamu nyingi huongeza damu, na tungeweza kuliacha lipite, isipokuwa jeraha hili linapewa kazi kubwa: ndilo linalomnunulia mume nafasi mezani. Mwanamume ametoa damu, basi apewe kalamu. Historia yenyewe ilienda njia nyingine, na hapa watu wa Katanga wana kipimo chao cha kuipimia.

Katika masimulizi ya Walunda, Nkond aliudhiwa na wanawe Kinguri na Chinyama, akawanyima urithi, akampa binti yake Ruwej kiti pamoja na lukanu, bangili ya ufalme. Ruwej akaolewa na mwindaji mgeni kutoka kwa Waluba, Chibinda Ilunga. Ulipofika wakati wake wa kutengwa, siku za damu ambazo mwanamke hakupaswa kuigusa lukanu, alimkabidhi mumewe. Ndugu zake wakakasirika, wakahama kwenda magharibi. Mpaka leo Musumba, makao ya mfalme wa Walunda, inakumbuka kwamba bangili haikupita kwa vita wala kwa jeraha la mume. Ilipita kupitia mwili wa malkia mwenyewe.

London ilikuwa hivyohivyo. Oxford alipofyatua, Victoria alikuwa na mimba ya miezi kadhaa. Agosti 1840 Bunge lilimtaja Albert kuwa mkaimu endapo malkia atafariki, na wote walikumbuka kilichompata Charlotte. Tarehe 21 Novemba 1840 alijifungua mtoto wa kwanza kati ya tisa, na katika siku hizo za uzazi ndipo Albert alipokabidhiwa ufunguo wa masanduku ya karatasi za serikali. Mimba zikafuatana hadi 1857, na kila mimba ikazidisha karatasi mezani kwa mume. Habari hiyo ni kali kuliko risasi: msichana aliyeikataa kalamu ya Conroy akiwa kitandani kwa homa, akaja kuiachia kalamu yake akiwa kitandani kwa uzazi, safari hii kwa mtu aliyempenda. Fellowes alikuwa na kitanda mwanzoni, alikuwa na kitanda mwishoni, akamweka ndani yake mtu asiyestahili kulala hapo.

Kwa hiyo anayeionyesha filamu hii kwa wanafunzi aisimamishe pale bastola inapolia, aandike ubaoni tarehe mbili, 10 Juni na 21 Novemba 1840, awaache wahesabu miezi, ndipo awashe tena.